Samadi ya Kifaru na Makopo ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na milango, majiko, na majirani wa kutiliana shaka. Katika kutilia shaka, Kifaru hakuwa na mwenzake. Ukimwamkia asubuhi, atashinda akijiuliza unamtakia nini.

Mwaka huo alikuwa na jambo zito. Binti yake Siwema alikuwa ameposwa, na wakwe wangekuja nyanya zikiiva. Kifaru kwa majigambo yake aliwaahidi mchuzi wa nyanya za shamba lake mwenyewe. Ahadi kwa wakwe si mchezo, ukiivunja unajiaibisha wewe na binti yako.

Basi akajenga tuta nyuma ya nyumba, akaliinua kwa mawe hadi magotini, akalijaza udongo mweusi na samadi, akapanda miche. Samadi haikumpa shida. Kifaru huenda haja mahali pamoja kila siku, na lundo lake lilikuwa limempita kimo. Alililinda kuliko mlango wa nyumba yake.

Chini ya mteremko aliishi Pimbi, mdogo kama paka, juu ya jabali lisilo na udongo. Nyanya zake alizipanda ndani ya makopo na sufuria zilizotoboka, na majani yake yalikuwa yameanza kuwa manjano. Siku moja akapanda mteremko kwenda kwa jirani.

"Hodi, Bwana Kifaru."

"Hodi ya nini?"

"Naomba samadi kidogo, kiganja tu. Kopo lina udongo haba. Kila nikimwagilia, maji yanatoka chini pamoja na chakula chote. Mimea ya kopo hulishwa kidogo kidogo, lakini mara kwa mara."

"Na ya kwangu?"

"Tuta lako lina udongo mwingi, chakula kinakaa humo humo. Limeshashiba. Lingoje litoe maua, uliongeze kidogo, basi. Ukizidisha utavuna majani."

Kifaru akamkazia macho. Huyu anataka samadi yangu, akawaza, halafu anataka mimi nisiitumie. Ana lake jambo.

"Ondoka," akasema.

Mkewe akamwambia, "Baba Siwema, mbona maneno ya jirani yana maana?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Siwema."

Pimbi hakuondoka mara moja. Alisimama kwenye pembe ya chini ya tuta, akitazama maji yaliyokuwa yakichuruzika kati ya mawe. Kesho yake makopo yake yote yalikuwa yamepangwa pale chini.

"Unafanya nini hapo?" Kifaru akanguruma.

"Nimefuata kivuli cha tuta lako, jirani. Kule jabalini jua limezidi."

Kifaru akatazama mpaka. Makopo yalikuwa upande wa Pimbi.

"Nakusihi tena," Pimbi akasema, "usiongeze samadi."

Hilo ndilo lililommaliza Kifaru. Alichota samadi kwa pembe yake, pwaa, akaimwaga tutani. Akamwaga na maji mengi ili izame. Chururu, chururu, maji ya kahawia yakashuka kati ya mawe. Kifaru hakuyaangalia. Alikuwa akichunga mikono ya Pimbi isiguse lundo, na haikuligusa hata siku moja.

Ikawa kila asubuhi ni pwaa na chururu. Kila asubuhi Pimbi anatikisa kichwa na kusema, "Haya, mimi nimeshasema." Kifaru akisikia hivyo, anaongeza.

Miche ilirefuka, majani yakafunga tuta zima. Kifaru akafurahi sana. Mama Siwema akapekua ndani ya majani.

"Baba Siwema, nyanya ziko wapi?"

"Umezichuma wewe?"

Mkewe alimtazama mpaka Kifaru akainamisha kichwa.

Siku ya wakwe ikafika. Kifaru akashuka mbio hadi chini ya tuta, na kwa mara ya kwanza akayaangalia makopo ya Pimbi. Yalikuwa yamejaa nyanya nyekundu.

"Mwizi wewe, umeniibia nyanya."

"Kapekue mimea yako. Ukiona kikonyo kimoja kimekatwa, chukua makopo yote."

Kifaru akapanda tutani, akapekua shina kwa shina. Hakuona kitu. Hapo hapo wakwe wakabisha hodi uwani. Akashuka tena, safari hii polepole.

"Jirani, nisitiri. Nipe kikapu kimoja. Nikulipe nini?"

"Ulishalipa."

"Lini?"

"Kila asubuhi. Makopo yangu yalihitaji maji ya samadi, na wewe ndiye uliyeyakoroga na kuyamwaga."

"Lakini uliniambia nisiongeze."

"Nilikuambia kweli tupu, Bwana Kifaru. Nilijua hutaniamini."

Mchuzi uliliwa ukasifiwa. Mama mkwe akauliza, "Nyanya tamu hivi, mnazitilia mbolea gani?" Kifaru akameza tonge bila kutafuna, akaomba maji.

Wanangu, anayemshuku kila mtu hudanganywa hata kwa ukweli.