Rungu Lililovalishwa Jaketi

Methali isemayo mchuma janga hula na wa kwao hutupiwa wezi na walevi, watu ambao wamekwisha kuzoea kusemwa. Maana yake ni kwamba anayejitafutia balaa haimpati peke yake. Walio wake nao, ambao hawakuichuma wala kuitamani, hulazimika kunawa mikono na kula naye. Griffin Wanyonyi hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mtu wa kanuni, mtu wa kalamu na karatasi, na ndiyo sababu kisa chake kinauma zaidi.

Wanyonyi alikuwa karani wa baraza la Dhonam, mji mdogo wa ufuoni ulio mwendo wa saa moja kutoka Kisumu. Alikuwa ameishika kazi hiyo miaka kumi na tisa. Madiwani walikuja na kwenda kila uchaguzi, yeye akabaki pale pale, na Kanuni za Kudumu alizijua kama mtu ajuavyo njia ya kwao. Katika kanuni zote hizo, aliyoipenda na kuiogopa zaidi ilikuwa ile ya rungu. Rungu la baraza lilikuwa fimbo nene ya mti mweusi, imezungushiwa shaba, na kichwani imechongwa umbo la samaki aitwaye mbuta. Likiwa mezani, baraza limeketi. Lisipokuwepo, hao ni watu wanaopiga soga tu, hata wakivaa suti za namna gani.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Miaka miwili nyuma baraza lilipitisha mambo siku ambayo rungu lilikuwa kwa fundi, na mahakama ikayafuta yote. Magazeti yakacheka, na karani akaitwa mara mbili kujieleza kama mtoto wa shule. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile Wanyonyi aliapa kwamba jambo kama hilo halitampata tena, liwe liwalo. Na likawa.

Mvua za masika mwaka ule zilinyesha kana kwamba zilikuwa na kisasi na watu. Ziwa lilikuwa limefura kwa majuma, na Jumanne alfajiri tuta la mto likapasuka. Kabla jua halijachomoza vizuri, mtaa wa Kasao ulio bondeni ulikuwa umemezwa, watu wamepanda juu ya mapaa. Ofisi za baraza, zilizokuwa ufuoni ng'ambo ya Kasao, nazo zilizingirwa na maji. Mashua nyingi za wavuvi zilikuwa Usenge kuvua omena, wale dagaa wa ziwani, na zile zilizobaki dhoruba ilikuwa imezivunjavunja. Chombo kizima kilichosalia kilikuwa kimoja: motaboti ya dharura ya baraza, iliyofungwa chini ya kilima cha kanisa. Lakini kwa sheria za mji, motaboti ile haikuweza kuokoa watu, wala stoo ya kamba na jaketi za kuokolea kufunguliwa, mpaka baraza litangaze hali ya hatari. Kwa hiyo madiwani waliitwa haraka katika ukumbi wa kanisa, wapitishe hoja hiyo moja tu. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Mlangoni palikuwa na kikapu cha simu, maana simu haziruhusiwi kikaoni. Wanyonyi alipokuwa akitoa yake, ilitetemeka. Jina lililotokea lilikuwa Mama. Mama Nakhumicha aliishi Port Victoria, na jana yake tu alikuwa amepiga kusema maji yamefika kwenye zizi, angependa kuja kwa mwanawe. Wanyonyi alimwambia avumilie hadi Jumamosi amtumie gari. Sasa alidhani ni maneno yale yale. "Nitampigia tukimaliza," alijisemea, akaikata simu na kuitumbukiza kikapuni.

Akidi ilitimia saa tatu na robo. Mwenyekiti Ondiek, mzee mnene mwenye sauti ya upole, alikohoa ili aanze. Hapo ndipo Wanyonyi alipoitazama meza akaiona tupu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "rungu liko wapi?"

Watu wote walimgeukia Shitanda, mpambe wa baraza, ambaye kazi yake ilikuwa kulibeba rungu hilo. Shitanda alitazama glavu zake nyeupe. Rungu, alisema kwa sauti ya chini, lilibaki kwenye kabati la chuma, orofani, kule ofisini.

"Sasa ni nini hiyo?" Milka Adongo alisimama. Yeye ndiye aliyekuwa diwani wa Kasao, na alikuwa amefika na matope hadi magotini. "Watu wangu wako juu ya mabati! Bwana Karani, watu kwanza, hiyo fimbo baadaye!"

"Mheshimiwa, hata mimi nawahurumia. Lakini hoja ikipita bila rungu, mahakama itaifuta."

"Mahakama iko kwa maji? Si sisi ndio tuko hapa? Nyasaye, Mungu wangu!"

Mwenyekiti Ondiek hakupenda ugomvi. Alifanya alivyozoea kufanya siku zote akibanwa: alimtazama karani. "Bwana Karani, kanuni inasemaje?"

Wanyonyi angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kwamba hata kanuni huwa na siku ya kusinzia, na hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye angempinga. Badala yake alijibu kwa utulivu, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi: "Kanuni ya kumi na tisa. Bila rungu hakuna kikao."

"Na tutalipataje?"

"Motaboti ikalilete. Kulinda mali ya baraza hakuhitaji hoja."

Milka alibaki mdomo wazi. "Yaani motaboti inaweza kwenda kuchukua mti, lakini haiwezi kuchukua mtu?"

"Kwa sasa ndivyo, Mheshimiwa."

Alitaka kutoka ukumbini. Wanyonyi alimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba akitoka akidi itavunjika na kila kitu kitaanza upya. Yule mama akaketi tena, akajifunika uso kwa mikono yake yenye matope, akalia. Karani alichukua karatasi akamwandikia Obiero, nahodha wa motaboti: Rungu tu. Asipakiwe mtu, bima haijaruhusu abiria. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akampa Shitanda barua aende nayo motabotini. Muhuri haukusahauliwa ofisini. Huo alitembea nao mfukoni.

Wakangoja. Mvua ilipiga mabati ya kanisa, na kule mlangoni kikapu kilikuwa kikinguruma. Simu zilitetemeka moja juu ya nyingine bila kupumzika, kwa kuwa watu wa Kasao walikuwa wakiwapigia viongozi wao kutoka juu ya mapaa. Kila mtu aliusikia mngurumo ule. Diwani mmoja aliomba mlango ufungwe, na ukafungwa.

Saa sita na dakika kumi mlango ulifunguliwa, Shitanda akaingia akiwa amelowa chapachapa. Mikononi alibeba rungu, na rungu lile lilikuwa limevalishwa jaketi pekee la kuokolea la motaboti, la rangi ya machungwa, limefungwa kamba zote tatu kwa uangalifu. Kichwa cha mbuta kilichungulia kwenye kola. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Wanyonyi aliona aibu ambayo hakuielewa. Alilifungua jaketi haraka, akalitupa chini ya kiti na kuliweka rungu mezani.

Nyuma ya Shitanda aliingia Obiero, miguu mitupu, akitweta. "Karani, nisikize kidogo. Kuna mtu pale—"

"Bwana Obiero, mgeni hasemi mbele ya baraza."

"Lakini ni maneno yako wewe, Karani. Nimetumwa kwako."

"Tukimaliza. Nje, tafadhali."

"Basi nipewe ufunguo ya injini nirudi!"

Lakini ufunguo ulikuwa kwa Shitanda, na Shitanda hakuruhusiwa kuondoka ubavuni mwa rungu. Obiero alisukumwa nje taratibu. Sala ikasomwa. Ajenda ikathibitishwa. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, na madiwani wawili ambao hawakupata nafasi ya kusema kwa miezi mingi wakaona ndiyo siku ya kusema. Saa sita na dakika hamsini na mbili ilipita kwa kauli moja, na watu, kwa mazoea tu, wakapiga makofi.

Wanyonyi alishusha pumzi. Safari hii hakuna mahakama ingemcheka. Alikwenda kikapuni akachukua simu yake, akakuta amepigiwa mara ishirini na tatu. Sita zilitoka kwa mama yake. Zilizobaki zilitoka kwa dada yake Maximilla, aliyeishi Nyalenda, Kisumu. Alimpigia.

"Kaka! Mama yuko na wewe?" Maximilla alikuwa akilia. "Alipanda gari ya alfajiri kuja kwako. Alisema amechoka kungoja Jumamosi. Barabara ikakatika, wakashushwa hapo Kasao. Mara ya mwisho alinipigia akiwa kwa paa. Anasema wewe hushiki simu."

Wanyonyi alitoka nje mbio, akamkuta Obiero amechuchumaa kwenye ngazi, ufunguo mkononi sasa, akijiandaa kushuka kilima.

"Obiero! Ulitaka kuniambia nini?"

Obiero hakumtazama usoni. "Kuna mama nilipata kwa paa ya stoo ya omena. Mama mzee, amejifunga leso ya kijani. Walikuwa watu kumi na saba hapo. Akasema, 'Kijana yangu ni karani wa baraza. Mwambie mama yake yuko hapa.' Nikamwambia, Mama, nimekatazwa kubeba mtu, nimepewa barua. Akasema sawa, basi niachie hiyo jaketi moja tu. Shitanda akasema hiyo ni ya rungu, rungu ikianguka kwa maji tutafutwa kazi. Huyo mama alicheka, Karani. Alifikiri tunamtania."

Wanyonyi alirudi ukumbini, akaliokota lile jaketi chini ya kiti, akateremka kilima akilikumbatia, viatu vyake vya ngozi vikimtoka kimoja kimoja kwenye tope. Milka Adongo aliingia naye motabotini.

Waliikuta Kasao kimya. Pale palipokuwa na stoo ya omena palikuwa na maji tu, yakizunguka polepole na kubeba magunia. Ukuta wa matofali mabichi ulikuwa umelowa hadi ukaanguka, na paa likaenda nalo. Mbali kidogo, kwenye matawi ya mkuyu, watu kumi na mmoja walikuwa wameng'ang'ania. Wanyonyi aliwahesabu mara tatu. Mwanamke mmoja, alipokuwa akishushwa mtini, aliliona jaketi mikononi mwake akauliza, "Hiyo mnatuletea saa hii ya nini?"

Mwili wa Mama Nakhumicha uliopolewa Alhamisi, pamoja na wengine watano. Leso ya kijani ilikuwa bado imefungwa kiunoni. Maximilla alikuja kutoka Nyalenda, akaketi kando ya jeneza siku mbili nzima bila kumwangalia kaka yake. Walimzika kwao Port Victoria, kwenye kipande cha ardhi ambacho maji hayakukifikia. Zizi lile alilolikimbia, ajabu ya mambo, lilikuwa bado limesimama.

Baada ya majuma mawili baraza liliketi tena. Desturi ni kwamba kikao huanza kwa karani kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Watu wa Kasao walikuwa wamejaa ukumbini, wengine wamesimama madirishani. Kabla ya kuanza, Mwenyekiti Ondiek alimvuta Wanyonyi pembeni.

"Pole sana, ndugu yangu. Hizo saa kwenye kumbukumbu, si lazima zisomwe zote. Andika tu kwamba hoja ilipita asubuhi. Hata wewe itakusaidia."

"Mheshimiwa," alisema Wanyonyi, "miaka kumi na tisa sijawahi kuandika uongo. Hilo tu ndilo lililonibakia."

Akasimama kando ya rungu, akasoma. Alisoma kwamba akidi ilitimia saa tatu na robo. Alisoma kwamba Mheshimiwa Milka Adongo aliomba watu wa Kasao waokolewe kwanza, na kwamba karani wa baraza, Griffin Wanyonyi, alishauri kuwa bila rungu hakuna kikao. Alisoma kwamba motaboti ililileta rungu salama, likiwa limevaa jaketi, na kwamba nahodha alipotaka kusema, karani alimtoa nje. Alisoma saa ya hoja kupita, saa sita na dakika hamsini na mbili. Ukumbini watu waliachama. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa ni nini hasa kilichokuwa kikingojewa asubuhi ile wao wakipunga vitambaa juu ya mapaa. Kisha akaanza kusoma majina ya waliokufa maji, moja baada ya jingine, hadi akafika la sita. Akataka kulisoma, akashindwa. Akajaribu tena, sauti ikakauka kabisa.

Mwanamke yule aliyeshushwa kutoka kwenye mkuyu alisimama dirishani. "Sema tu, Karani," alimwambia. "Sisi wetu tumeshawataja."

"Nakhumicha," alisema Wanyonyi. "Mama yangu."

Akaweka Kanuni za Kudumu mezani, juu yake akauweka muhuri, akatoka kupitia katikati ya watu waliompisha bila kumzomea wala kumpa pole. Walikuwa wamemwelewa: alikuwa amelichuma janga kwa kalamu yake mwenyewe, wakalila watu wa Kasao, na mama yake mzazi akaketishwa nao kwenye karamu ile. Hakika, mchuma janga hula na wa kwao.