Shafti ya Korona na Nyumba ya Bati Jekundu

Shika sikio lako uape kwamba hili halitoki hapa. Umeapa? Haya. Ingawa kwenye foleni ya mashine ya kusaga wanalo tangu jana, na aliyewapelekea ni huyuhuyu anayekuapisha wewe.

Katika shamba moja la mkonge huko Korogwe palikuwa na mafundi watatu wa karakana. Mntangi alikuwa na jicho la cheche: aligusisha chuma kwenye jiwe la kunolea, akatazama cheche zinavyoruka, akakwambia kama ni pua, chuma kigumu cha kubeba mzigo, au takataka ya kufungia mbuzi. Shekalaghe alikuwa na jicho la moto: alijua wekundu upi ni wa kukitoa chuma tanurini na kukizamisha kwenye mafuta kiwe kigumu. Na Bi Mwanjaa, mjane, alikuwa na subira. Chuma kilichotoka kuzamishwa kina hasira ndani. Yeye alikipasha tena moto mdogo, akakifukia kwenye jivu la moto kutwa nzima mpaka kitulie.

"Kukalia jivu hata kuku anaweza," Shekalaghe alipenda kusema, kidevu juu. Kidevu chenyewe ndevu tatu!

Basi shafti ya korona, ile mashine ya kukamua nyuzi za mkonge, ikakatika. Kiwanda kikanyamaza. Meneja akatangaza, "Korona ikizunguka tena, fundi aliyefanya kazi kubwa kuliko wenzake atapewa ile nyumba ya bati jekundu."

Mwanjaa akahesabu siku. Tangu mumewe afe alikuwa ameambiwa aondoke nyumba ya kampuni ifikapo mwisho wa mwezi, yeye na wajukuu wake wawili.

Mntangi akachagua kipande cha pua. Shekalaghe akaichoma, akaizamisha, kisha akaikimbiza kwa mkerezaji bila kumpa mjane. Ilipokerezwa ikajipinda kama mkia wa mbwa. Wakarudia, safari hii wakampa Mwanjaa, midomo wameibenua. Shafti ikatoka imenyooka. Korona ikanguruma.

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Bila jicho langu mngekereza bomba la choo," Mntangi akasema.

"Na bila moto wangu ingekuwa laini kama muhogo wa kuchemsha," Shekalaghe akajibu.

"Nanyi bila jivu langu mlitengeneza mkia wa mbwa," Mwanjaa akasema. "Au mmesahau, wanangu?"

Meneja, mtu wa kukwepa maneno asiyeweza kuamua hata chai au uji, akasema watengeneze kwanza shafti ya akiba, ndipo ataamua.

Siku ya kukifukia chuma, Mwanjaa akamwona Shekalaghe anazungukazunguka shimo lake la jivu. Hakumwambia kitu. Chuma akakifukia kwenye shimo jingine, nyuma ya karakana. Hili la mbele akalijaza jivu la moto tupu. Kisha akapita kwa wanawake wanaosafisha nyuzi, akinong'ona, "King'ora cha saa sita kikilia, mafundi wakienda kula, njooni karakana. Kuna sinema."

Mntangi naye alimwona Shekalaghe akijaza ndoo maji bombani. Maji baridi yakikiingia chuma cha moto, hasira inarudi, na kazi ya mjane inaharibika. Alijua. Akageuza uso, akaendelea kumenya muwa wake. Hawa wawili wakiangushana, nyumba itakwenda kwa nani?

King'ora kikalia. Watu wakajaa mlangoni, meneja mbele. Shekalaghe huyo, ndoo imeinama mikononi, maji yanachuruzika, jivu limemrukia hadi kwenye kope.

"Unafanya nini, baba?" Mwanjaa akauliza kwa sauti ya asali.

"Naogopa… moto usije ukasambaa."

"Wewe bingwa wa moto ndiye unaogopa jivu?" mwanamke mmoja akadakia. Karakana nzima ikaangua kicheko, na ndoo bado iko mikononi mwake.

Haya. Shafti inayozungusha korona ilipita mikono yote mitatu. Ungetoa mkono mmoja, kiwanda kingekuwa kimya hadi leo. Shekalaghe alitaka kuharibu, lakini moto wake umo ndani ya shafti ile. Mntangi hakumwaga tone, ila aliona akatafuna. Mwanjaa angeweza kumkanya mwenzake. Akaona heri awaite watazamaji. Ufunguo ni mmoja, na mwezi unakwisha Ijumaa.

Je, wewe ungemkabidhi nani?