Jani la Kwanza la Isale

Haya, sogeeni. Anayejiona ana akili akae mbele, tumwone vizuri atakapokwama. Na wewe uliyesoma mpaka vitabu vikaomba likizo, kaa karibu naye, maana hili halimo kwenye vitabu vyenu.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Haika, binti wa mapokezi katika hoteli moja ya Moshi mjini. Kipaji chake kilikuwa masikio. Neno likiingia sikioni mwa Haika limeshapanga chumba, halihami. Mgeni akisema leo hapendi kitunguu, akirudi baada ya miaka miwili supu yake inamngoja bila kitunguu.

Wa pili ni Kirimia, mlinzi wa mfongo kule juu mlimani. Mfongo ni mfereji waliouchimba wazee, unachepusha maji ya kijito kuyapeleka kwenye migomba. Kipaji cha Kirimia kilikuwa maji. Akiyaambia piteni huku, yanapita. Akiyaambia rudini, yanarudi, kama mbuzi waliozoea sauti ya mwenyewe.

Wa tatu ni Somoe, msusi wa Lindi aliyeolewa Dar es Salaam. Kipaji chake kilikuwa vidole. Alichosuka Somoe hakifumuki mpaka Somoe akifumue. Kuna bibi harusi alisukwa naye akakaa na mtindo ule mpaka mtoto wake wa kwanza akaota meno.

Na mume wa Somoe, Aminieli, je? Naye alikuwa na kipaji. Mdomo. Twende naye huyu huyu, maana aibu ya leo ni yake, na aibu ya mwenzio tamu kuitazama mpaka ukumbuke ya kwako.

Aminieli alikuwa amemposa Somoe kwa maneno ya mlima. "Mimi mtoto wa Kilimanjaro," alimwambia. "Nimechunga mbuzi arobaini kwenye mawe ambayo nyani wenyewe wanashuka kwa matako." Ukweli ni kwamba alizaliwa Tabata, hapo Dar es Salaam, akakulia Tabata, na mlimani alifika mara mbili tu, Krismasi zote mbili, kwa gari. Ukweli huo aliujua yeye na shangazi yake mmoja aliyeishi huko juu. Kwa hiyo walipopanga mapumziko yao ya siku tatu, siku mbili za raha mjini na moja ya kutembea mlimani, Aminieli alimpangia shangazi huyo kitu kimoja: kutomtembelea kabisa.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa asali. Kitanda kipana hata mkigombana kila mtu ana mkoa wake. Taulo zimekunjwa kama bata. Maji ya moto yanamwagika bila kuchemshwa na mtu. Jioni Aminieli alikaa ukingoni mwa bwawa la kuogelea, miguu ndani ya maji, akaelekeza kidole kwenye kilele cha Kibo. "Ule umenilea ule." Mlima ukavuta wingu ukajifunika. Labda uliona haya kwa niaba yake.

Asubuhi ya siku ya tatu wakateremka mapokezi. Haika akauliza, "Kaka, niwaitie mwongozaji?"

"Mwongozaji wa nini? Tunapanda mpaka lilipo kanisa la juu, halafu tunateremka kijitoni, chini ya maporomoko madogo. Napajua kama mfuko wangu."

"Pale mawe yanateleza, kaka. Na maji ya jioni..."

"Dada, kazi yako ni kutoa funguo. Mlima niachie mimi. Saa kumi kamili nikute mtori wa ndizi wa moto hapa. Nikichelewa hata dakika moja, niite mbwa."

Haika akatabasamu lile tabasamu la kazini. Maneno yakaingia sikioni, yakapanga chumba.

Somoe alikuwa na kikapu, na ndani yake kanga doti mbili, vipande vinne, urithi wa marehemu mama yake. Hakuwa akisafiri bila hizo. Aminieli akaziona akacheka mbele ya watu. "Watu wa pwani bwana! Unapanda mlima au unakwenda unyagoni? Nyinyi mlima mmeuona kwenye kalenda tu." Wahudumu wakacheka. Somoe hakucheka.

Huko juu, njiani, wakamkuta Kirimia ameinama kwenye mfongo, matope mpaka magotini. Akawasalimu, akasema, "Kijitoni sasa hivi maji ni ya kisigino, kwa sababu nimeyaingiza huku migombani. Lakini saa kumi naziba mfongo, yote yanarudi kijitoni. Ni zamu ya kijiji cha chini. Yakirudi yanafika kifuani. Msikae huko."

"Sawa, bwana matope," akasema Aminieli. "Wewe funga na fungua tope lako, mimi hapa ni kwetu."

Hesabuni hayo. Watu watatu, matusi matatu, na jua lilikuwa bado halijakaa katikati.

Saa tisa na nusu walikuwa bado chini ya maporomoko madogo, mtori umesahaulika. Pazuri, msiniulize, pazuri mpaka Somoe akasahau kununa. Aminieli akataka picha akiwa amesimama juu ya jiwe la katikati, mikono kiunoni, kama aliyelizaa. Akaruka. Jiwe lilikuwa na utelezi wa mlenda. Mguu wa kulia ukazama katikati ya mawe mawili, ukanasa hapo hapo, ukagoma.

Akavuta. Akazungusha. Akajifanya anapumzika.

"Umekwama?" Somoe akauliza kutoka ukingoni.

"Nimekaa tu."

Saa kumi, maji yakaja. Kwanza yalibadilika sauti. Halafu yakafika gotini, halafu pajani. Suruali yake ya kutembelea, mpya, ya zipu sita, ikapasuka kwenye jiwe, na mkondo ukaichukua vipande vipande kuelekea kijiji cha chini. Somoe akaweka mikono mdomoni apige ukunga.

"Usipige kelele!" Aminieli akamkemea. "Watu watasikia!"

"Ndiyo maana ya kelele, Aminieli! Wasikie!"

"Wataniona hivi!"

Mwacheni ajibu mwenyewe siku ya kiyama: mtu maji yamefika kiunoni, na anachoogopa ni macho. Somoe alipiga ukunga, akapiga wa pili na wa tatu, maporomoko yakazimeza zote. Simu ilikuwa haina hata mstari mmoja wa mtandao.

Sasa sikilizeni kwa makini. Atakayesinzia hapa asije baadaye akabisha.

Somoe akazitoa kanga za mama yake. Alizitazama kidogo tu, jinsi unavyomtazama mtu anayesafiri. Akachukua vipande vitatu, akavipasua kwa meno na kuviunga, akaanza kusuka. Vidole vilikwenda kama mvua ya kwanza. Kamba ikatoka, akamrushia. "Pitisha kwapani, funga." Ncha nyingine akaizungusha kwenye shina la mti, akakaa chini, akaikaza kwa miguu. Maji yakafika kifuani, yakamlaza Aminieli yamzamishe, kamba ikamsimamisha. Yakamlaza tena, ikamsimamisha tena. Isingekuwa kamba ile, angekwisha kabla hajafikiwa na mtu. Lakini mguu haukutoka.

Mjini, saa kumi na dakika tano, mtori ulikuwa mezani unatoa moshi. Saa kumi na robo moshi ukaisha. Meneja akasema, "Waache, mke na mume hao, wanachelewa kwa raha zao. Basi la wageni linaingia, kaa hapo." Lakini masikioni mwa Haika yalikuwamo maneno: kanisa la juu, kijitoni, chini ya maporomoko madogo, niite mbwa. Mtu wa majigambo kama yule, akawaza Haika, hawezi kuchelewa kwa hiari yake. Akampigia Kirimia, anayewaletea ndizi hotelini. "Kimbia kwenye mfongo. Kuna mtu chini ya maporomoko madogo, na kama yuko hai yuko ndani ya maji." Kisha akaacha funguo mezani mbele ya wageni thelathini, akadaka bodaboda, taulo mbili kwapani. Asingekumbuka yeye, hakuna aliyekuwa akijua kuna mtu wa kutafutwa. Meneja alimfuata kwa ujumbe mmoja: usirudi.

Kirimia alikuwa nyumbani ameshaosha miguu. Akakimbia peku mpaka kwenye mfongo. Maji yale yalikuwa zamu ya kijiji cha chini, na huko juu zamu ya maji haichezewi. Mlinzi akiiba zamu anavuliwa ulinzi mbele ya wote, na ulinzi huo ulikuwa wa baba yake na babu yake. Kirimia akang'oa mawe ya mlango wa mfongo kwa mikono, akayaambia maji piteni huku. Yakapita. Kijitoni yakashuka, kiunoni, gotini, mpaka Aminieli akauona mguu wake umebana wapi. Akautoa. Somoe akaivuta kamba mkono kwa mkono mpaka mume akafika ukingoni, kama samaki mkubwa asiye na faida. Yasingeshuka maji, mguu ungebaki palepale na mwenyewe juu yake.

Somoe akamfunga kipande cha nne cha kanga, kilichobaki. Kilikuwa na maneno makubwa matakoni: JISIFU TARATIBU, TUNAKUSIKIA.

Kirimia akafika, akambeba mgongoni, Haika akakutana nao njiani na taulo zake. Jua halijazama, baridi imeanza, mgonjwa anatetemeka. "Nyumba ya karibu ni ipi?" Somoe akauliza.

"Kilabu cha mbege," Kirimia akasema. "Kwa mama Aikaruwa."

Aminieli akafumba macho. Shangazi.

Jumamosi jioni, kilabu kimejaa. Wanaume wameshika vibuyu vya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, wakavishusha wote kwa pamoja. Shangazi Aikaruwa, mama wa kifua kipana na sauti ya kuitia watu bonde la pili, akamkodolea macho yule mtu wa kanga.

"Huyu si mtoto wa kaka yangu? Yule wa surua?"

"Surua?" akasema Somoe.

"Alikuja Krismasi ana miaka sita, akalala kitandani wiki nzima. Hata zizi halijui liko upande gani."

Somoe akamgeukia mumewe, polepole. "Na wale mbuzi arobaini?"

"Labda aliwachunga kwenye sahani," akadakia mlevi mmoja, na kilabu kizima kikaanguka kicheko.

Aminieli alicheka nao kidogo, kwa mazoea. Halafu akamwona mkewe anakusanya ile kamba, anajaribu kuifumua, arudishe kanga za mama yake ziwe kanga. Hazikuwa tena. Akamwona Kirimia, kucha zinatoka damu, anatazama upande wa kijiji cha chini. Akamwona Haika anasoma ujumbe wa meneja mara ya tatu. Akatamani yale maji yarudi.

"Shangazi," akanong'ona, "nifanye nini?"

"Huko Tabata hamna isale?" Shangazi akatoka hadi kwenye ua wa mipaka, akachuma majani matatu marefu, ya kijani. "Huku kwetu mkosaji haleti maneno. Wewe hasa usilete, maneno yako tumeshiba. Analeta isale. Aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Lakini sikiliza. Jani la kwanza ndilo lenye uzito. La pili ni adabu, la tatu ni mazoea. Utakayempa la kwanza, umesema mbele ya watu hawa: huyu ndiye aliyenitoa kaburini."

"Niwape wote kwa pamoja?"

"Isale si karanga, za kugawa kiganja kimoja."

Kilabu, kilichokwisha kusimuliwa yote, kikagawanyika. "Mpe binti wa hoteli! Bila yeye nani angejua?" "Kujua tu? Kujua hakupunguzi maji! Mpe Kirimia, amepoteza kiti cha babu yake!" "Na kabla ya Kirimia kufika, nani alishikilia roho yake? Mpe mkewe!"

"Ah, mke ni kazi yake kumwokoa mume," akasema yule mlevi.

Hapo Somoe akainuka. "Aminieli, nisikilize. Ukininyima kwa sababu mimi ni mkeo, kwa basi la kesho alfajiri naondoka peke yangu. Na ukinipa kwa sababu mimi ni mkeo, naondoka vilevile. Nipe kama ninastahili. Kama sistahili, mpe anayestahili, nitakaa na wewe nikijua angalau siku moja uliwahi kusema kweli."

Aminieli akasimama kwa mguu mmoja, kanga inapepea, maandishi yake yanasomwa na kila aliyejua kusoma. Mbele yake, masikio yaliyokumbuka, mikono iliyogeuza maji, vidole vilivyosuka. Watatu, na wote aliwatukana yeye kabla ya saa sita mchana. Akaliinua jani la kwanza. Akapiga hatua moja.

Kwa nani?

Msinitazame mimi. Nyinyi ndio mlikuwa mnamcheka. Jani hilo hapo, mkononi mwako sasa, mguu umevimba na kilabu kizima kinakutazama. Ungempa nani la kwanza? Na kabla hujafungua mdomo, mtu wangu wa mbele mwenye akili, kumbuka aliyefungua wake haraka haraka ndiye huyo amesimama pale na kanga ya mkewe.