Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Acha kubetua mdomo. Hujasikia hata neno moja, umeshaanza kutikisa kichwa! Kama kusadiki kunakuuma, ziba masikio, wenzako wasikie.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ya juzijuzi, maana umeme ulikuwepo, kijana mmoja wa Korogwe aliyeitwa Mhina alikuwa na kompyuta ya kukunja, ile nene ya kuchezea magemu. Mhina alikuwa dereva hodari wa magari ya kwenye kioo. Gari la kweli hakuwahi hata kuliosha. Zilibaki siku kumi yafanyike mashindano ya magemu Tanga. Mshindi angepata kompyuta mpya, na nafasi ya kujifunza kazi kwa watu wanaotengeneza magemu. Mhina alimaliza shule miaka mitatu nyuma na kazi hana. Kwake huo haukuwa mchezo.

Lakini kompyuta ilikuwa inaumwa. Akicheza dakika kumi, picha zinakwama kama punda mbele ya maji. Dakika zikifika kumi na tano, inazima.

Mhina akakaa, akafikiri, akapata jibu. "Kadi ya picha imezeeka. Prosesa imezeeka. Nikibadili zote mbili, nashinda."

Mama yake, Bi Mwanahawa mshonaji, hakujua prosesa ni mnyama gani. Aliuliza moja tu. "Ukibadili, utapata kazi?"

"Nitapata, mama."

Mama akachomoa uzi kwenye sindano, akakifungua kichwa cha cherehani kutoka mezani. "Chukua ukauze."

Mhina akabeba cherehani begani, kompyuta mgongoni, akatoka bila kugeuka nyuma. Njiani akapita kwa Fundi Shekiondo, amuulize kadi ya kununua ni ipi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Siku hizi cherehani nayo inacheza magemu?"

Mhina akaeleza. Fundi akacheka mpaka akavua miwani. "Sikiliza, mwanangu. Kompyuta kubwa za mezani, kadi unachomoa, unachomeka nyingine. Hii yako, kadi na prosesa vimechomelewa kwenye bodi. Ukitaka kuvibadili, ubadili bodi nzima, na hapo ni afadhali ununue kompyuta nyingine. Ungeuza cherehani, ukanunua kadi, ukaja kuivaa shingoni kama hirizi."

Mhina akatua cherehani sakafuni. "Basi nimekwisha."

"Umekwishaje, na mimi hata sijaifungua?"

Akaifungua. Feni hazikuonekana. Zilizibwa na nyuzi za pamba, nyeupe na nyekundu, zikachanganyika na usufi wa godoro.

"We Mhina, hiki kitu mnakilaza wapi?"

Mhina akakiri. Kwao kila kitu cha heshima huvishwa kitambaa cha kufuma: redio kitambaa, runinga kitambaa, mtungi kitambaa. Na kompyuta nayo mama aliivisha chake, hata ikiwa inawaka, isiingie vumbi. Na dada yake Zawena, kila akija kutoka chuo cha ualimu, huiacha ile yake yenye kioo kidogo, akailaza hii kwenye godoro atazame tamthilia mpaka usingizi umchukue.

"Mwenye homa mmemfunika blanketi," fundi akasema. Halafu akakuna shingo. "Na mimi nina langu. Mwaka jana uliniletea, nikaipuliza kwa nje tu, nikakwambia imepona. Ule ulikuwa uvivu."

Basi fundi akafunga mlango wa duka, akawafukuza wateja. Akasafisha feni. Akafuta dawa ya kupoza iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Ikawashwa, ikacheza saa nzima, ikabaki ya uvuguvugu.

"Imebaki memori, hii ni ndogo, picha zitakwama tena," akasema. "Hiyo ndiyo inabadilika. Kipande kikubwa cha aina hii hapa mjini hakuna."

Kilikuwepo kimoja, ndani ya kompyuta ya Zawena, aliyekuwa nyumbani likizo.

"We Mhina!" Zawena akang'aka. "Nina maandalio arobaini ya masomo ya kuandika, na mkufunzi wangu hana huruma!" Akalalamika, akalaani, na huku analalamika anafungua skrubu. Maandalio yote arobaini akayaandika kwa mkono, kidole kikavimba kama ndizi mzuzu.

Jioni ile Mhina akarudisha cherehani mezani. Mama akatunga uzi, akakanyaga. Tiki-tiki-tiki! Mhina akakaa sakafuni karibu na mlio ule, akala wali mabakuli mawili. Tangu juzi alikuwa hajala.

Akaenda Tanga. Akashinda. Nafasi ya kujifunza kazi akapata, kompyuta mpya akapata. Ikabaki ile ya zamani, nzima kabisa, kiporo kitamu. Akaiweka mezani kwao, akamwita na fundi, akasema atampa aliyemwokoa.

Zawena akaidaka kwanza. "Yangu. Memori yangu imo ndani. Nikiichomoa, mnarudi kukwama."

"Na usufi wa godoro lako ulikuwamo ndani," fundi akasema. "Ni yangu. Nisingesema kweli, cherehani ingeuzwa bure na huyu angekaa hapa analia."

"Kweli uliyoichelewesha mwaka mzima!" mama akadakia. "Nipeni mimi. Wewe ulitoa siku moja, huyu alitoa kidole. Mimi nilitoa riziki yangu, tena kabla ya kujua kama kuna dawa."

"Mama," Zawena akasema, "na kile kitambaa je?"

"Kitambaa nilikifuma kwa mapenzi."

"Hata kwenye godoro niliilaza kwa mapenzi!"

Wakacheka wote, lakini hakuna aliyeondoa mkono juu ya kompyuta. Mhina akamtazama mama, akamtazama dada, akamtazama fundi. Kila mmoja aliiumiza, kila mmoja aliiuguza.

Haya, wajuaji. Mama aliyetoa cherehani, fundi aliyesema kweli, dada aliyetoa memori: je, nani alistahili? Msiniambie waigawane, kompyuta si muwa. Bishaneni humo humo ndani. Mimi natoka, na mlango naufunga.