Mwenzi wa Zamu ya Tatu

Kitendawili. Namlaza pazuri, namlisha vinono, naye anakonda. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Newala? Haya, nimekwenda Newala, nimekula nimeshiba, nimerudi na ukungu kwenye nywele. Jibu lake ni mgeni asiyepewa jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi hudhani walimsema mgeni mvivu. La. Jembe lile ni la kumwambia mtu kwamba hapa pana nafasi yako. Sikiliza yaliyotokea kijijini Mkunya, huko huko Newala.

Mwezi wa saba ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma, ukatanda juu ya mikorosho mpaka nyumba zikaonekana kama zinaelea. Ndani ya ukungu huo alifika Pili, binti wa miaka kumi na mitano, akitokea Masasi. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza amemaliziwa arobaini. Bibi Stamili, aliyemzaa marehemu, alimpokea kwa mikono miwili. Jioni ile alimuuliza, "Mjukuu wangu, utakaa nasi?" Pili alitazama nje, asijibu.

Bibi hakurudia swali. Alimtunza kama yai. Pili akishika ufagio, ananyang'anywa. Akiinua kikombe akioshe, anaambiwa, "Weka chini, mwanangu, wewe umefiwa." Paja la kuku lilikuwa lake, kiti chenye mto kilikuwa chake. Wiki tatu zikapita hivyo. Mashavu yakabonyea, maneno yakamwisha mdomoni. Ndipo baba yake mdogo Abdulkadiri, ndugu wa marehemu baba yake, alipopiga simu kwamba Ijumaa angekuja, na kama mtoto hajatulia, angemrudisha Masasi.

Habari hiyo ilimchoma zaidi Faidha, mjukuu mwingine wa Bibi, mwenye miaka kumi na saba. Tangu utoto alilala chumbani peke yake, na sasa alikuwa amezoea kusikia pumzi ya mtu mwingine gizani. Alitamani Pili abaki, ila hakujua amshike wapi.

Faidha alikuwa na mchezo wa karata kwenye simu. Mchezaji huanza na karata chache dhaifu, na kila akimshinda adui huchagua karata mpya ya kuongeza kwenye fungu lake, mpaka afike lango la tatu linalolindwa na jitu la mawe. Karata aliyoipenda iliitwa Mwenzi: mwanamke mwenye taa ya buluu. Mwenzi akiwekwa mezani hupumzika zamu mbili. Zamu ya tatu huweza kutumwa, na akitumwa, karata zote zinazomfuata hupiga mara mbili. Asipotumwa, huaga kimya kimya akatoka kwenye fungu. Faidha hakumtuma hata siku moja. Kila Mwenzi alipoondoka, Faidha alidhani hakumkirimu vya kutosha, akaongeza karata za ngao za kumkinga.

Alhamisi alasiri Mwenzi aliondoka tena.

"Sijui nimfanyie nini mwanamke huyu," Faidha alinung'unika. "Labda ngao hazitoshi."

"Zimezidi, dada," Pili alisema. Faidha aligeuka, kwani sauti ile alikuwa karibu ameisahau. "Unamkalisha tu. Mtume."

"Mgeni anatumwa? Umelelewa wapi wewe?"

"Masasi. Kwetu hata wageni wanachota maji."

"Ndiyo maana hawarudi."

Pili alitabasamu kidogo, kisha akainamisha macho. "Nimemwota mchana. Amekaa kule ukingoni mwa bonde, miguu inaning'inia kwenye ukungu. Nikamuuliza, mbona unaondoka? Akaniambia, mikono yangu inapoa."

Faidha aliuanza mchezo upya. Alitoa ngao nne kwenye fungu, maana fungu likiwa nene Mwenzi huchelewa kufika mkononi, akabakiza visu vidogo vitatu. Zamu ya kwanza alimweka Mwenzi mezani, na jitu likampiga Faidha mwenyewe. Ya pili likampiga tena, uhai ukabaki kama uzi. Zamu ya tatu akamtuma Mwenzi. Taa ikawaka, visu vitatu vikamfuata kama nyuki, na jitu likasambaratika likawa moshi. Lango likafunguka polepole.

Faidha hakushangilia. Alikuwa akitazama mikono ya Pili, iliyolala mapajani mitupu. Akainuka, akaenda jikoni.

"Bibi, kesho Pili tumpe jembe."

"Watu waseme Stamili anamtumikisha yatima?"

"Watasema. Na akiondoka kesho, watasema pia."

Bibi alikoroga mboga muda mrefu, ingawa ilikwisha iva.

Alfajiri alimkabidhi Pili jembe lake mwenyewe, mpini umelainika kwa viganja vya miaka mingi. "Mikorosho mitatu ya kule chini ni yako, uipalilie. Ukinikatia mizizi, nitakutania mpaka siku ya harusi yako."

Jua lilikuwa bado halijaupenya ukungu Abdulkadiri alipobisha hodi na begi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Begi la nini?"

"La nguo za mtoto, ikibidi. Yuko wapi?"

"Shambani."

"Mnamlimisha?" Alimtazama mkwewe kwa macho makali, na Bibi akashika njia ya shambani. Wakaufuata mlio wa jembe ndani ya weupe ule, Faidha nyuma yao moyo ukimdunda.

Walimkuta chini ya mkorosho wa tatu, kanga imelowa umande, udongo umempanda mpaka magotini.

"Shikamoo, baba mdogo. Usikanyage hapo, nimekwisha palilia."

Abdulkadiri alirudisha mguu nyuma. Pili akaegemea mpini, akamgeukia Bibi Stamili.

"Bibi, uliniuliza kama nitakaa."

"Nilikuuliza."

"Nitakaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nanyi leo mmenipa."