Mfungo wa Watasema

Gogo likiangukia njia ya shambani, hakuna anayelimaliza kwa pigo moja la shoka. Mama mmoja akipita hubandua kipande cha kuwashia moto, kesho akarudi akabandua kingine, na mwenzake naye vivyo hivyo, hata siku moja wapitaji wakashangaa kuona njia nyeupe na gogo halipo. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo bandu bandu huisha gogo. Jambo dogo likirudiwa humaliza kubwa. Lakini shoka halina macho. Hubandua kuni, na likiachwa hubandua hata nguzo ya nyumba. Scolastica aliyaona yote mawili katika msimu mmoja wa mpunga.

Scolastica aliishi Mofu, karibu na mto, mahali ambapo mpunga hustawi hadi kumfika mtu kifuani. Mumewe Apolinari alipofariki alimwachia shamba lililopakana na pori, na mbwa wa rangi ya majani makavu aitwaye Watasema. Marehemu ndiye aliyempa jina hilo, maana siku alipomleta, majirani walisema mbwa yule ni mdogo kama panya buku, hatafukuza hata kuku. Wakasema, na mbwa akakua. Nguruwe pori walimjua vizuri. Kila mwaka mpunga ulipoanza kushika maziwa, punje zikiwa bado changa, wao walitaka kuwa wageni wa kwanza kuonja, na mjane asiye na kijana nyumbani wa kukaa dunguni kulinda shamba hana silaha ila mbwa. Mwaka ambao Watasema asingebweka, Scolastica asingevuna. Asipovuna, asingekula.

Mvua za mwanzo zilipoanza, Watasema aliugua. Pua yake ilifanya magamba, masikio yakatoka vidonda, nyayo zikapasuka kama udongo wa kiangazi. Alikonda hadi mbavu zikahesabika. Maneno yakaenea kijijini kama moto wa nyika.

"Mama, shikamoo," alisema Marcelino mvuvi, akisimama mbali, rungu mkononi. "Mbwa huyo ana kichaa. Niruhusu nimpumzishe."

"Marahaba. Mwenye kichaa huyo alichanjwa, na wewe ulikuwepo ukamshika miguu," Scolastica alimjibu. "Rungu lako kalipumzishe wewe."

Kesho yake alimfunga Watasema ndani ya tenga, tenga likafungwa nyuma ya pikipiki, wakaenda Ifakara kwa Ignas, daktari wa mifugo. Ignas alimkagua kwa utulivu, akachukua damu na kipande kidogo cha ngozi, vikapelekwa Morogoro. Majibu yaliporudi alimwita Scolastica, akamketisha.

"Mama, mwili una walinzi wake wa kupigana na vijidudu. Walinzi wa Watasema wamegeuka. Wanampiga mwenye nyumba."

"Kama sungusungu wa kijiji waliolewa pombe?"

Ignas akacheka. "Umepatia hapo hapo. Ugonjwa huu hauambukizi, lakini hauishi kabisa. Tunautuliza kwa vidonge hivi. Sasa nisikilize. Usimpe kidonge tumbo likiwa tupu, na usikatishe ghafla hata ukimwona amepona. Vidonge vitamtia njaa kama ya nzige. Atakulilia, ataiba, utamwonea huruma. Usimsikilize! Tumbo lake sasa ni la mtoto mchanga. Mafuta yatamuua, mifupa itamchana, na maziwa yatamharisha. Kibichi chochote ni hatari, maana tumewalaza wale walinzi. Mpikie wali laini na nyama nyeupe isiyo na ngozi, bila chumvi. Kidogo kidogo, mara nyingi. Na usimbadilishie kwa siku moja. Changanya na alichozoea, uongeze taratibu."

Scolastica alikuwa ameishia darasa la saba, lakini alichokisikia hakikumtoka. Alirudi nyumbani na kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Alitoka kanisani na alama ya majivu usoni, akachuchumaa mbele ya mbwa wake.

"Haya, tufunge wote," alimwambia. "Mimi kwa ajili ya dhambi zangu, wewe kwa ajili ya tumbo lako. Wewe huna dhambi, lakini mfungo wako ni mkali kuliko wangu."

Ndivyo Kwaresima ilivyoanza. Alfajiri, kabla ya rozari, Scolastica aliinjika chungu kidogo. Wali aliupika hadi ukawa bokoboko, akachambua kidari cha kuku nyuzi nyuzi, akaponda pamoja, akaacha upoe. Kidonge alikificha katikati ya tonge. Kisha alikwenda nyuma ya nyumba kukagua kinyesi cha jana, kama kigumu, kama laini, kama kina utelezi, na kwa hicho alijua apunguze nini leo. Hakuona kinyaa. Aliyelea watoto hana kinyaa.

Wifi yake Kandida, dada wa marehemu, mwanamke wa kicheko kikubwa na mkono usiojua kubana, alikuja akakuta haya.

"Yesu na Maria! Wifi, siku hizi unasoma mavi ya mbwa kama unavyosoma Zaburi?"

"Nasoma vyote, wifi. Kila kimoja kina ujumbe wake."

"Kaka yangu angefufuka leo akaona mbwa anakula kidari na mjane wake anakula mlenda, angerudi kaburini mwenyewe, tena afunge mlango!"

Scolastica alicheka, lakini moyoni hakuwa na amani. Magamba yalikuwa yakianguka, ila tumbo halikutulia. Siku mbili lilikuwa zuri, ya tatu mbwa akaharisha maji. Wali ulikuwa ule ule, kuku yule yule. Basi asubuhi moja, katika kukagua, akaona mwiba wa samaki. Yeye hakuwa amepika samaki.

Jioni hiyo alimfuata Watasema kwa mbali. Mbwa alikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa Minza, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe, akaketi mlangoni kwa adabu kama mgeni aliyealikwa. Minza akamwekea bakuli la mtindi. Mbwa alipomaliza, akashuka mtoni kwa Marcelino. Yule yule wa rungu, alipojua ugonjwa hauambukizi, aliingiwa na huruma kuliko wote, akamtupia vichwa vya samaki aina ya kitoga. "Kula, maskini. Kwenu wanakupimia chakula kama dawa."

Scolastica alisimama nyuma ya matete. Angesema nini? Baina ya wakulima na wafugaji kulikuwa na ugomvi wa miaka mingi juu ya ng'ombe kuingia mashambani, na bakuli la Minza lilikuwa daraja. Ukikataa maziwa ya Msukuma, umemkataa yeye. Alirudi nyumbani, akatafuta kamba, akamfunga mbwa mlangoni.

Watasema alilia. Njaa ya vidonge ilimfanya atafune kamba na kulamba chungu kilichooshwa. Wapita njia walitikisa vichwa, wakasema mjane amekuwa na roho ya jiwe. Scolastica alisikia, akaongeza mwendo wa rozari. Na kamba ilifanya kazi yake. Kufikia Juma Kuu, kinyesi kilikuwa kigumu cha kupendeza, pua imerudi kuwa nyeusi na yenye unyevu, na kule shambani mpunga ulikuwa unaelekea kuchanua.

Siku ya Pasaka, Scolastica alikwenda misa. Kandida alibaki nyuma kukaanga kitimoto cha sikukuu. Nyumba ilinukia, mafuta yakiimba kikaangoni, na mbwa pale kambani alimtazama kwa macho ya kuyeyusha chuma.

"Bwana amefufuka, Watasema," Kandida alimwambia. "Mfungo umekwisha kwa wote." Akamtupia ngozi ya nguruwe iliyoganda mafuta.

Jioni mbwa alikuwa amekunja mgongo kama upinde. Alitapika chakula, akatapika maji, akatapika kidonge. Kidonge kilipopewa tena, kikatoka tena. Na kwa kuwa dawa haikukaa tumboni, wale sungusungu walevi wakaamka. Siku chache baadaye vidonda vikachanua upya masikioni, na Watasema akarudi Ifakara ndani ya tenga, safari hii hawezi hata kuinua kichwa.

Ignas alimwekea dripu, akamchoma sindano, akamshikilia pale kliniki hadi tumbo likakubali maji. Alipomkabidhi kwa Scolastica uso wake haukuwa na kicheko. "Kongosho limevimba kwa sababu ya mafuta. Safari hii tumemwahi. Akipigwa hivi mara nyingine, mama, siahidi kitu."

Kandida alikuwa akingoja nyumbani, macho mekundu.

"Kipande kimoja tu, wifi," alisema. "Ngozi kama kiganja. Kipande kimoja kinaua?"

Scolastica alimlaza mbwa juu ya gunia kabla ya kujibu.

"Chako kimoja, wifi. Cha Marcelino kimoja. Bakuli la Minza moja. Kila mtu kambandua kidogo, na kila mtu anasema ni kimoja tu. Hamkumchukia. Mngemchukia ningewafukuza. Mmempenda hadi karibu aishe."

Kandida alijifunika uso kwa khanga. Scolastica alikaa kando yake, akiwaza. Kamba ilimfunga mbwa, lakini haikufunga mikono ya watu, na mikono ile ilikuwa mingi kuliko yake. Ikiwa iliweza kummaliza mbwa kidogo kidogo, kwa nini isiweze kuumaliza ugonjwa?

Kesho yake alichukua bakuli tupu la Watasema, akaenda kwa Minza. Hakwenda kukataza. Alikwenda kuomba.

"Mayu, karibu," Minza alimpokea, akimwita mama kwa Kisukuma, akakimbilia kibuyu cha maziwa.

"Asante, mwanangu. Maziwa nitakunywa mimi, na nitayamaliza. Ila mbwa wangu tumbo limemkataa. Nimekuja kukuomba boga kwa ajili yake. Ya kwako ndiyo matamu hapa Mofu."

Minza alimtazama, kisha akacheka hadi akashika mlango. "Nina ng'ombe zizi zima, mayu, na wewe umekuja kuniomba boga! Mume wangu Masanja akisikia atasema nimekunyima maziwa." Hata hivyo alimchagulia boga zuri, akalibeba mwenyewe hadi kwa Scolastica, na akaondoka ameona jinsi linavyochemshwa na kupondwa. Tangu hapo bakuli la mtindi halikuwekwa mlangoni tena.

Kwa Marcelino ilikuwa vivyo hivyo. "Vichwa ulivyokuwa unampa weka kwenye mchuzi wako," Scolastica alimwambia. "Mimi naomba mnofu wa perege, mdogo tu, uliotolewa miiba."

"Mama, mnofu nampa mbwa na kichwa nakula mimi?"

"Ndiyo. Wewe si uliona huruma? Huruma ndiyo hiyo."

Marcelino alikuna kichwa, akatoa kisu, akaanza kuchambua miiba.

Kandida hakuombwa kitu. Alijileta. Scolastica alipokwenda kanisani au kupalilia, wifi ndiye aliyesonga bokoboko na kuficha kidonge kwenye tonge, naye akawa mkali kuliko askari wa zamu. Asubuhi alionekana nyuma ya nyumba ameinama, mkono kiunoni.

"Unasoma Zaburi, wifi?" Scolastica alimuuliza.

"Nyamaza. Leo kuna laini kidogo. Boga lipungue?"

Kazi ilikuwa polepole. Perege haikuingizwa kwa pupa. Siku za kwanza ilikuwa kama chembe ndani ya kuku, ikaongezwa tonge kwa tonge tumbo likitulia. Boga likaongezwa, likapunguzwa, likaongezwa tena. Siku nyingine walirudi nyuma, na hapo hawakulia. Waliinjika chungu kama jana. Ignas alipoona masikio yamekauka vidonda, naye alianza kupunguza vidonge, nusu baada ya nusu, kwa tahadhari ya mtu anayevuka mto kwa kupapasa kwa fimbo. Nywele zikaota masikioni. Njaa ya nzige ikapoa. Siku moja Watasema aliacha tonge bakulini, akaenda kulala kivulini, na Scolastica akapiga ishara ya msalaba.

Mpunga ukashika maziwa. Jioni jua likizama, Scolastica akiwa dunguni na debe lake la kupiga, matete ya upande wa pori yalitikisika. Nguruwe walikuja, jike kubwa mbele na watoto nyuma, wakishuka kama watu waliokuja kwenye mali yao. Watasema alisimama. Nyayo zake zilikuwa bado na makovu. Alitua mguu mmoja, akatua wa pili, kisha akatoka kama mshale, akibweka kwa sauti ambayo bonde halikuisikia tangu mvua za mwanzo. Jike lile liligeuka, likamtambua, na kundi lote likarudi porini likivunja matete. Scolastica hakugonga debe hata mara moja. Alikuwa amelishika kifuani, machozi yakimtoka.

Mavuno yalipokwisha, alipika wali mpya, akawaita wote waliochangia bakuli la mbwa. Kandida alikaanga kitimoto. Watasema alipita kati ya miguu ya wageni, akasimama mbele ya Marcelino, akayalegeza macho yake yale ya kuyeyusha chuma. Marcelino alikata kipande cha mafuta, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kimoja tu," alinong'ona.

Kofi la Kandida lilitua mkononi mwake kabla hajamaliza neno. "We Marcelino! Shoka lako liweke chini!" Akakiokota kile kipande, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna huku akimwonyesha mbwa mlango wa jikoni. "Nenda. Chako kiko kwenye chungu, Minza ameshakupondea boga."

Watasema alikwenda. Ugonjwa wake haukung'oka wote. Ignas alisema kisiki kitabaki, na kila siku kitahitaji jicho. Lakini watu hawazuiwi na kisiki kupita njiani. Gogo lenyewe, lile lililolala njiani hadi mjane akakaribia kukosa mavuno, halikuwepo tena, na hakuna hata mmoja pale aliyeweza kusema ni yeye aliyelimaliza. Mmoja alitoa boga, mwingine mnofu wa perege, mwingine alisonga bokoboko alfajiri, na Scolastica hakuacha hata siku moja. Hakika, bandu bandu huisha gogo.