Bi Kobe na Uwanja Wake Kambini

Paukwa!

(Pakawa!)

Hiyo ndiyo pakawa? Mmekula nini leo nyinyi? Paukwa!

(Pakawa!)

Haya. Na wewe uliyenikalia upindo wa kanga, sogea. Mkeka mzima huu, lazima ubanane na mimi? Leo nina hasira, na hadithi yenyewe ni ya hasira. Tulieni.

Zamani hizo, zamani kwelikweli, kiangazi kikikaza wanyama walifunga safari. Walitoka mbugani msafara mzima, wakaenda mpaka mtoni. Kando ya mto palikuwa na kambi. Kila mwaka walitua hapo hapo, wakangoja mvua.

Na kambi ilikuwa na adabu yake. Ukifika, unachagua mahali. Unavuta tawi la mti, unajizungushia mstari kwenye vumbi. Ndani ya mstari ni kwako. Jirani akija, anasimama kwenye mstari, anapiga hodi. Ukimwambia karibu, anaingia. Ukinyamaza, anarudi alikotoka. Basi! Kuna ugumu gani hapo?

Mwaka huo Bi Kobe alifika wa kwanza. Alianza safari mapema, maana mwendo wake anaujua mwenyewe. Akachagua mahali penye udongo laini. Akavuta tawi, akajichorea uwanja wake. Kisha akachimba kwa miguu ya nyuma, paru, paru, paru. Akataga mayai. Akayafukia. Akapigapiga udongo kwa tumbo, pu, pu, pu, mpaka pakawa kama hapajaguswa.

Jamani, Bi Kobe alikuwa amekaa miaka na miaka bila mtoto. Hayo yalikuwa mayai yake ya kwanza. Na yai la kobe likishafukiwa halihamishwi. Ukiligeuza tu, limekufa.

Hakumwambia mtu. Amwambie nani, na Kenge naye kashafika, analala pale juu ya jiwe, ulimi nje, ulimi ndani, masikio wazi? Kenge na mayai mnamjua. Bi Kobe akaifunga siri moyoni, akakaa kimya kwake.

Akaja Bwana Ngiri, mkia juu, na mkewe na watoto. Kambi pana, nafasi tele! Akatua wapi? Ubavuni kwa Bi Kobe. Mstari wake akauchora juu ya mstari wa mwenzake. Asubuhi akataka kwenda mtoni. Njia ya kuzunguka ipo. Hakuitaka. Akakatiza katikati ya uwanja wa Bi Kobe, pata pata pata! Watoto nyuma yake, pata pata pata! Hodi hakupiga.

Bi Kobe akashtuka. Akatoa kichwa.

"Bwana Ngiri, usipite hapa, tafadhali. Zunguka."

"Kwa nini?"

"Ni kwangu."

"Hilo najua. Nauliza kuna nini mpaka nisipite."

"Hakuna kitu. Nakuomba tu usipite."

"Hee! Hakuna kitu, na nisipite! Mke wangu, njoo umsikie huyu. Nyumba kaibeba mgongoni, uwanja wa nini?"

Wakacheka, wakapita. Pata pata pata!

Kesho yake tena. "Bwana Ngiri, usipite hapa." "Toa sababu!" Pata pata pata! Keshokutwa tena. "Baba watoto, nakusihi, usipite hapa." "Sababu, bibi, sababu!" Pata pata pata! Siku nyingine Bi Kobe akajilaza njiani, akaziba kwa mwili wake. Ngiri akamruka kama gogo.

Mnacheka? Hebu acheni kucheka. Mimi hapa damu inanichemka.

Bi Kobe akaenda kwa Kongoni, mkuu wa kambi. Kongoni akaita kikao. Wanyama wote wakaja, na Kenge naye akashuka jiweni, akajikunja mbele kabisa.

Kongoni akasema, "Bi Kobe, eleza."

"Nimechora mstari wangu kama desturi. Ngiri anaukanyaga. Namwambia asipite, anapita."

"Ngiri?"

"Mzee, mimi si mkorofi. Nataka sababu tu. Akinipa sababu, nazunguka leo leo. Ana nini hapo?"

Wanyama wakanong'ona. Kweli, ana nini? Si aseme tu? Pundamilia akasema, "Maringo hayo." Tumbili akasema, "Roho mbaya." Kongoni akasema, "Mama, tusaidie tukusaidie. Sema sababu."

Bi Kobe akamtazama Kenge. Kenge akatoa ulimi, akauingiza. Bi Kobe akamgeukia Kongoni.

"Sina sababu," akasema. "Ni kwangu tu."

"Basi," Kongoni akasema, "kama huna sababu, acha watu wapite."

Mnasikia uamuzi huo? Mvamizi amekaa anachekelea, mwenye uwanja ndiye anayehojiwa! Loo!

Ngiri akatoka kikaoni kifua mbele. Sasa hata kupita hakukumtosha. Akaingia moja kwa moja uwanjani kwa Bi Kobe, ule udongo laini akauona mzuri wa kulalia. Akapiga magoti. Akaanza kufukua kwa pembe zake, fuku, fuku, fuku.

"Toka!" Bi Kobe akapiga kelele. "Toka kwangu! Toka!"

Fuku, fuku, kacha!

Ngiri akasimama. Kiini cha yai kinamchuruzika puani. Akatazama chini. Mayai yote yamefukuliwa, mengine yamepasuka, mengine yamebiringika juani. Kenge alikwisha kufika, analamba.

Kambi nzima ikaja mbio mpaka mstarini.

"Bi Kobe," Ngiri akasema, "mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Hukusema kuna mayai!"

"Nilisema usipite. Ulitaka niseme nini zaidi?"

Mkia wa Ngiri ukashuka. Kongoni akainamisha kichwa, hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake usoni.

Wakaanza kuja kumpa pole. Na walikujaje? Kundi zima, miguu tele juu ya mstari, juu ya maganda yenyewe, hodi hakuna! Wakamgongea gambani, ko, ko, ko. "Pole, Bi Kobe." Ko, ko, ko. "Toa kichwa tukuone."

Bi Kobe hakutoa kichwa. Alingoja wachoke, waondoke, kisha akaenda zake peke yake, kambini hakurudi tena. Mpaka leo kobe akisikia hatua ya mtu tu, huyo, kaingia ndani.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Jirani akikwambia usipite kwake, usipite. Hana deni la kukupa sababu. Mwenyewe amesema, na kusema kwake kunatosha.

Hadithi yangu naikatia hapo. Asiyeridhika akaulize kwa ngiri.